Rangi Isiyoonekana: Historia ya Kinga ya Chombo na Funzo la Ghuba ya Arcachon



Juma lililopita tulipokuwa tukipitia msamiati wa bahari darasani, tulikutana na neno deheni. Niliwaeleza kwamba deheni ni mchanganyiko wa mafuta ya mnyama na chokaa, ambao hupakwa sehemu ya chini ya chombo cha mbao ili kisiharibiwe na maji wala viumbe vya baharini. Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa kijiji cha wavuvi kando ya ziwa letu, akanyoosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, sehemu hiyo huwa majini siku zote. Kwa nini mtu agharimie rangi ambayo hakuna aionaye?"

Wenzake walicheka. Nilimjibu kwa maneno machache, kisha kengele ikalia. Makala haya ndiyo jibu lililobaki. Nayo ni makala ya historia, kwa sababu rangi hiyo isiyoonekana imewahi kuwapa mabaharia ushindi, ikawafilisi wafugaji wa chaza, na hatimaye ikayakutanisha mataifa kutunga sheria. Chaza, kwa msiomjua, ni kiumbe wa baharini aishiye kati ya magamba mawili magumu. Baadhi ya jamii zake huliwa, na nyingine hutoa lulu.

Adui mdogo, hasara kubwa

Chombo kikaacho baharini hakikai peke yake. Katika muda wa saa chache tu, utando mwembamba wa bakteria hujitandaza juu ya mbao zake. Baada ya siku kadhaa huota mwani. Baadaye hufika viumbe wadogo wenye magamba magumu, ambao hujigandisha kwa gundi ya miili yao wenyewe na hawabanduki ila kwa kukwanguliwa. Tumbo la chombo lililokuwa laini hugeuka likakwaruza kama mwamba. Mashua ya tanga huwa nzito na mvivu wa kugeuka, na upepo ule ule uliokuwa ukiifikisha bandarini kabla ya magharibi sasa huiacha njiani. Chombo cha injini nacho hula mafuta mengi zaidi kwa safari ile ile.

Chombo cha mbao kina adui mwingine mbaya zaidi. Huyu ni kiumbe mwenye umbo la mnyoo, aingiaye ubaoni akiwa mdogo mno, kisha akaendelea kutoboa na kukua humo humo. Ukitazama nje utaona kitundu kisichotisha, kumbe ndani ubao umekuwa kama sega la asali. Wengi humdhania kuwa mnyoo kweli, lakini wanasayansi humweka katika kundi moja na chaza na kome. Nawaomba mlikumbuke jambo hilo la udugu kati ya mharibifu huyu na chaza, kwani tutalirejea.

Deheni, moto na maji kupwa

Mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki walimjua adui huyu kwa karne nyingi, na walikuwa na utaratibu wao wa kupambana naye. Chombo kilikwezwa ufuoni wakati wa maji ya bamvu, yaani siku ambazo bahari hujaa sana na kupwa sana. Maji yalipokupwa, chombo kilibaki kimelala juu ya mchanga. Hapo mabaharia walikikwangua, wakapitisha mienge ya makuti makavu yanayowaka chini ya tumbo lake ili joto liwaue viumbe waliojificha mbaoni, wakaziba nyufa kwa pamba iliyotiwa mafuta, kazi iitwayo kukalafati, kisha wakapaka deheni. Sehemu ya juu, isiyokaa majini, ilipakwa sifa, yaani mafuta ya papa. Hapa tuwe waangalifu: sifa hii si ile ya kumsifu mtu. Kiswahili kimeyaacha maneno mawili yavae vazi moja.

Kinga hii ilikuwa na kasoro moja kubwa: haikudumu. Baada ya miezi michache deheni ilikuwa imebanduka, na kazi ikaanza upya. Lakini ilikuwa na fadhila ambayo wakati ule haikuhesabiwa. Mafuta na chokaa yalipodondoka baharini, hayakuacha sumu iliyodumu kwa miaka. Aliyelipa gharama ya kinga alikuwa mwenye chombo mwenyewe, kwa jasho lake na kwa siku zake za kazi zilizopotea ufuoni.

Shaba: kinga iliyo sumu

Huko Ulaya, mataifa yenye majeshi makubwa ya wanamaji hayakuridhika na kinga ya miezi michache. Mwaka 1761 Uingereza iliifunika sehemu ya chini ya meli yake ya kivita, HMS Alarm, kwa mabamba membamba ya shaba, kisha ikaipeleka katika bahari yenye joto ya visiwa vya Karibi. Ilipokaguliwa mwaka 1763, matokeo yalikuwa ya furaha na ya fadhaa kwa pamoja. Palipokuwa na shaba, mbao zilikuwa nzima na mwani haukuota. Lakini misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imeliwa vibaya. Pale tu ambapo karatasi iliyofungiwa mabamba ilibaki kati ya shaba na chuma, misumari ilisalimika.

Sababu yake twaifahamu leo. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi hufanya kazi kama betri, na ile iliyo dhaifu zaidi hulika. Waingereza walikabiliana na tatizo hilo kwa hatua, hata wakaanza kutumia misumari na vyuma vya kuunganishia vilivyotengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba badala ya chuma. Kuanzia vita vya uhuru wa Marekani, meli zao za kivita kwa wingi zilivikwa shaba, zikaenda kasi zaidi na kukaa baharini muda mrefu bila kukwezwa.

Hata hivyo, siri ya shaba ilifichuka baadaye. Mwaka 1824 mwanakemia Humphry Davy alibuni njia ya kuizuia shaba isilike: aliunganisha nayo vipande vya chuma au zinki, ambavyo vililika badala yake. Jaribio lilifaulu kabisa. Shaba haikulika tena. Lakini kwa mshangao wa wote, mwani na viumbe wenye magamba wakaota juu yake kana kwamba ni ubao mtupu. Ilidhihirika kwamba shaba ililinda meli kwa sababu iliyeyuka kidogo kidogo majini, na chembe zake ziliwaua viumbe waliokaribia. Ukizuia isiyeyuke, umeondoa kinga.

Nawasihi mlizingatie jambo hili, maana ndilo ufunguo wa historia yote inayofuata. Kinga ya aina hii hailindi kwa kuzuia kama mlango. Hulinda kwa kutoa sumu, na sumu itokayo haibaki kwenye chombo bali huingia baharini.

Meli za chuma zilipoenea katika karne ya 19, mabamba ya shaba hayakufaa tena, kwa kuwa shaba na chuma havikai pamoja majini. Watengenezaji wakaanza kusaga misombo ya shaba na kuichanganya ndani ya rangi, juu ya tabaka la kwanza la kukinga chuma. Hivyo ndivyo rangi ya kisasa ya chini ya chombo ilivyozaliwa.

Rangi ya muujiza

Katika miaka ya 1950 watafiti nchini Uholanzi waligundua kwamba misombo fulani ya metali ya bati ina nguvu kubwa ya kuua viumbe vidogo. Mmojawapo, tributiltini, ambao kwa kifupi huitwa TBT, uliingizwa katika rangi za vyombo kuanzia miaka ya 1960. Katika muongo uliofuata ikapatikana rangi iliyojimenya yenyewe polepole kadiri maji yalivyopita, ikitoa tabaka jipya la sumu kila siku. Meli iliyopakwa rangi hiyo iliweza kukaa hadi miaka mitano bila kupakwa tena.

Kwa wenye vyombo, huu ulikuwa muujiza. Mafuta yaliokolewa, kazi ya kukwangua ikapungua, na mashua ya tanga iliteleza majini kama samaki. Rangi iliuzwa madukani kihalali, na mwenye mashua aliyeinunua hakuwa na nia mbaya wala hakuvunja sheria yoyote. Hapo ndipo penye uzito wa kisa hiki.

Chaza wa Arcachon

Arcachon ni ghuba iliyo kusini-magharibi mwa Ufaransa, upande wa Bahari ya Atlantiki. Kwa miaka mingi wakazi wake wamefuga chaza kwa ajili ya chakula. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya ugonjwa kuwamaliza chaza wa jamii waliyokuwa wakiitegemea, wafugaji walianza upya na chaza wa jamii ya Pasifiki. Katika ghuba ile ile, mashua na boti za starehe ziliongezeka hata zikafikia maelfu, nyingi zikiwa zimetia nanga karibu na mashamba ya chaza.

Kisha, kuanzia katikati ya muongo huo, mambo yalianza kuharibika bila kishindo. Hapakuwa na meli iliyozama wala mafuta yaliyomwagika. Chaza walizaa, lakini makinda yao hayakuishi. Mwaka baada ya mwaka hapakuwa na kizazi kipya cha kutosha. Wale wakubwa waliota magamba manene yasiyo ya kawaida, yaliyogawanyika ndani kama vyumba vilivyojaa utelezi, huku nyama yenyewe ikiwa ndogo. Chaza wa namna hiyo hauziki. Mavuno ya ghuba, ambayo yalikuwa tani 10,000 hadi 15,000 kwa mwaka, yalishuka hadi tani 3,000 hivi mwaka 1981.

Mwanasayansi Claude Alzieu na wenzake, waliokuwa katika taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi, walichunguza na kuonyesha kwamba mkosaji ni TBT iliyotoka kwenye matumbo ya mashua. Sasa rejeeni lile nililowaomba mlikumbuke. Rangi ilitengenezwa ili kuwaua viumbe wanaoganda kwenye vyombo, pamoja na yule atoboaye mbao, na huyo ni ndugu wa chaza. Sumu haina macho ya kumtambua adui na rafiki.

Wakati huo huo, ishara nyingine ilikuwa imeonekana Uingereza. Mwaka 1970, karibu na bandari ya Plymouth, iligunduliwa kwamba baadhi ya konokono wa baharini wa kike walikuwa wameota kiungo cha uzazi cha kiume. Katika miaka ya 1980 watafiti walithibitisha kuwa chanzo ni TBT, na kwamba mabadiliko hayo huanza hata pale maji yanapokuwa na takriban nanogramu moja tu kwa lita. Nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Tuifanyie hesabu: bwawa la kuogelea la michezo ya Olimpiki huwa na maji lita milioni mbili na nusu hivi. Kulifikisha kiwango hicho, zingehitajika miligramu mbili na nusu tu, uzito wa punje chache za sukari. Majike walioathirika sana walishindwa kutaga, na katika baadhi ya maeneo konokono hao wakatoweka.

Sheria hufuata nyayo za hasara

Januari 1982 serikali ya Ufaransa ilipiga marufuku rangi hizo kwa vyombo vya urefu usiofika mita 25. Uamuzi haukuwa mwepesi. Upande mmoja walikuwako wafugaji waliokuwa wakipoteza riziki. Upande wa pili walikuwako wenye mashua na watengenezaji wa rangi, nao walikuwa na hoja zao. Lakini matokeo yalinena. Katika miaka iliyofuata, makinda ya chaza yalionekana tena na magamba yenye kasoro yakapungua. Uingereza ikafuata mwaka 1987, na Marekani ikatunga sheria yake mwaka 1988.

Mtauliza: kwa nini mita 25? Mashua ndogo hukaa kwa muda mrefu katika ghuba zenye maji haba, karibu na chaza, hivyo madhara yake yalionekana mapema. Meli kubwa ziliachwa ziendelee, ikidhaniwa kwamba bahari kuu ni pana kiasi cha kuimeza sumu yao. Haikuimeza. Madhara yalionekana pia katika njia za meli na bandari kubwa. Ndipo tarehe 5 Oktoba 2001, jijini London, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini lilipopitisha mkataba wa kuzuia rangi zenye madhara. Mkataba huo ulihitaji kuridhiwa na nchi 25 zenye angalau robo ya uzito wa meli zote za biashara duniani. Panama ilipouridhia mwaka 2007, sharti hilo lilitimia, nao ukaanza kutumika tarehe 17 Septemba 2008.

Kati ya marufuku ya Ufaransa na siku hiyo ilipita miaka 26. Mwenye mashua ndogo alizuiwa mapema, na mwenye meli kubwa akasubiriwa robo karne na ushei. Na hata sumu ilipokoma kupakwa, ile iliyozama katika tope la bandari iliendelea kukaa humo. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni tumbo lake la ndani yanamokusanyika maji. Zunguka utakavyo, mwisho utarudi pale pale pa kuyateka maji uliyoyaacha yaingie.

Kuchagua rangi leo

Je, mtu mwenye mashua ya tanga leo achaguaje? Kwanza, atazame chombo chake kimeundwa kwa kitu gani. Ubao na faiba hustahimili rangi ya shaba. Alumini haistahimili, kwa sababu ile ile iliyokula misumari ya HMS Alarm zaidi ya miaka 260 iliyopita. Pili, atazame matumizi. Kuna rangi ngumu inayovumilia kusuguliwa. Kuna ile inayolika polepole na kufaa chombo kinachosafiri mara kwa mara. Na kuna mipako ya silikoni isiyotegemea sumu bali utelezi, ambayo huhitaji mwendo ili viumbe walioshika wabanduke. Tatu, ajiulize ataikwangulia wapi rangi ya zamani, kwani vumbi lake ni hatari kwa mapafu ya fundi na kwa maji ya jirani. Afanye kazi hiyo nchi kavu, atandike turubai, avae barakoa, na asifagilie mabaki majini.

Nne, aijue sheria, kwa kuwa sheria haijamaliza kusema. Tangu Januari 2023, mkataba ule wa mwaka 2001 umepiga marufuku pia kupaka rangi yenye kemikali iitwayo sibutirini. Hata shaba, iliyochukua nafasi ya TBT, imeanza kuhojiwa. Katika bandari ya mashua ya Shelter Island huko San Diego, Marekani, mamlaka ya maji iliagiza mwaka 2005 kwamba shaba inayoingia ipunguzwe kwa asilimia 76, na chanzo chake kikuu kilikuwa rangi za mashua zilizofungwa humo.

Nasi tulio bara tuna la kujifunza. Viumbe wale wa baharini wenye magamba magumu hawaishi katika maji baridi ya ziwa letu, wala yule mtoboa mbao. Mtu anayenunua rangi kali ya baharini na kuipaka mashua ya ziwani analipia sumu ya kumuua adui asiyekuwapo, huku watu wakichota maji ya kunywa ufuoni pale pale.

Sasa namrudia mwanafunzi wangu. Ni kweli, mwanangu, rangi ya chini ya chombo haionekani. Wafugaji wa Arcachon nao hawakuiona. Waliyaona magamba ya chaza wao. Mwenye mashua huichagua rangi akiwa peke yake dukani, akitazama bei na muda wa kudumu kwake, lakini wanaoishi na uchaguzi huo ni wengi, na wengi wao hawakuulizwa. Raia mwema ni yule awaulizaye kabla hawajalazimika kulalamika.

Maswali ya kujadili

1. Eleza kwa maneno yako kwa nini jaribio la Humphry Davy lilifaulu na kushindwa kwa wakati mmoja.

2. Wenye mashua wa Arcachon hawakuvunja sheria. Je, walistahili lawama? Tetea msimamo wako.

3. Je, ilikuwa haki mashua ndogo kupigwa marufuku miaka mingi kabla ya meli kubwa? Toa hoja za pande zote mbili.

4. Tunga sentensi mbili ukitumia neno sifa katika maana zake mbili tofauti.